Vinasaba na Nasaba: Je, Damu Pekee Yatosha Kumrudisha Mwayalandi Kwao?

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Kauli hiyo inamsuta mtu anayejua kwao kisha akageuza kisogo. Je, tumwambieje yule anayetafuta kwao usiku na mchana asipaone, kwa sababu daftari lililokuwa na jina la babu yake liliteketea, au kwa sababu walioaminiwa kulitunza waliandika uongo makusudi? Swali hili linawahusu mamilioni ya watu wenye asili ya Ayalandi waliotapakaa Marekani, Kanada, Australia na Uingereza. Katika miongo miwili iliyopita wengi wao wamekimbilia kipimo cha DNA. Mtu hutema mate ndani ya kichupa, hukituma kwa kampuni, na baada ya wiki kadhaa huletewa majibu yanayodai kumweleza yeye ni nani.

Makala haya yanapania kutathmini dai hilo. Msimamo wangu ni kwamba kipimo hiki husifiwa kwa jambo ambalo ndilo dhaifu zaidi ndani yake, yaani asilimia za asili, ilhali nguvu yake ya kweli, ambayo ni kufichua udugu uliofichwa, haipewi uzito unaostahili. Aidha, hata nguvu hiyo haifui dafu pasipo neno: neno lililoandikwa katika daftari la parokia na neno lililohifadhiwa vinywani mwa wazee. Damu ni shahidi mwaminifu, lakini ni shahidi bubu.

Istilahi na funzo lake

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna bahati ya kuwa na istilahi inayoubeba mjadala huu wote. Chembe za urithi zimeitwa vinasaba, neno lililoundwa kutokana na nasaba. Nasaba, kama tujuavyo, ni ukoo unaotajwa: fulani bin fulani bin fulani, hadi kwa mzee wa asili. Ina majina, ina mahali, na aghalabu ina visa vya nani alimuoa nani na kwa nini walihama. Kinasaba kwa upande wake hakina jina. Ni maandishi ya mwili yasiyojua kama aliyeyarithisha alikuwa mfalme, mkulima au mkimbizi. Maneno haya mawili yamezaliwa tumbo moja, lakini ni kosa kudhani kuwa anayekipata kinasaba ameipata nasaba. Kosa hilo ndilo linalofanyiwa biashara.

Daftari zilizoungua na majina yaliyobadilika

Ili tuelewe kwa nini Waayalandi wamevutiwa mno na kipimo hiki, hatuna budi kurejelea historia yao. Mnamo 1841 kisiwa hicho kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Kati ya 1845 na 1852 ugonjwa wa viazi uliharibu chakula cha maskini, na sera za watawala wa wakati huo zikazidisha maafa. Takriban watu milioni 1 walifariki na wengine zaidi ya milioni 1 wakahama. Sensa ya 1851 ilihesabu watu wapatao milioni 6.5 tu. Waliopanda meli wengi walikuwa maskini, baadhi hawakujua kusoma wala kuandika, na katika nyaraka za ng'ambo mara nyingi waliandikwa kuwa wametoka "Ayalandi" bila kutajwa kijiji wala parokia. Mjukuu anayetafuta leo anajua nchi, hajui mlango.

Msiba wa pili ulitokea nyumbani. Tarehe 30 Juni 1922, mwanzoni mwa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe, Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa katika jengo la Four Courts jijini Dublin ililipuka na kuungua. Sensa za 1821, 1831, 1841 na 1851 ziliteketea karibu zote, pamoja na wasia na madaftari mengi ya Kanisa la Ayalandi. Sensa za 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali, nazo za 1881 na 1891 ziligeuzwa rojo ya karatasi wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Matokeo yake ni kwamba sensa kongwe iliyosalia kamili ni ya 1901, yaani nusu karne baada ya njaa. Uandikishaji wa raia wote wanaozaliwa, kuoana na kufa ulianza 1864 tu. Madaftari ya parokia za Kikatoliki yaliokoka kwa kuwa yalihifadhiwa makanisani. Picha zake ziliwekwa kwenye intaneti na Maktaba ya Taifa ya Ayalandi mwaka 2015, lakini mengi hayafiki nyuma sana, na yasomeka kwa shida.

Msiba wa tatu ni wa lugha, na nadhani utamgusa kila msomaji wa jarida hili. Katika Kiayalandi, Ó mbele ya jina humaanisha mjukuu au mzao wa, nayo Mac humaanisha mwana wa. Ni mfumo unaofanana na bin yetu, na arap ya Wakalenjin. Kiingereza kilipotawala, majina hayo yalitafsiriwa, yakakatwa au yakatamkwa upya kama alivyosikia karani. Mac Gabhann, yaani mwana wa mhunzi, akawa McGowan mahali pamoja na Smith mahali pengine. Ó Murchú akawa Murphy, jina ambalo ndilo lililoenea kuliko yote nchini humo na ambalo lilichipuka katika koo kadhaa zisizohusiana. Kwa hivyo ndugu wawili waweza kuwa na majina mawili, na watu elfu wenye jina moja wasiwe ndugu. Pale ambapo jina lilipoteza maana yake, nasaba ilipoteza mhimili wake.

Asilimia: mali inayouzwa sana

Ni katika pengo hilo ambapo kampuni za vipimo zilitia mguu. Mteja huambiwa kwamba yeye ni Mwayalandi kwa asilimia 40, au 62, au 9. Takwimu hizo zinapendeza kwa kuwa zinaonekana kama hukumu ya sayansi. Kwa hakika ni makadirio. Kampuni hulinganisha vinasaba vya mteja na vya kundi la watu wanaoishi leo ambao asili yao inafahamika, na kila kampuni ina kundi lake. Ndiyo maana mtu mmoja akipimwa na kampuni mbili hupata majibu mawili, na kundi likiongezwa watu, asilimia zake hubadilika ilhali yeye hajabadilika. Hata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hutofautiana, kwa sababu kila mtoto hupokea nusu ya vinasaba vya kila mzazi, na nusu hiyo si ileile.

Sisemi kwamba ramani za vinasaba ni upuuzi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji nchini Ayalandi, wakishirikiana na Chama cha Nasaba cha nchi hiyo, walichapisha matokeo ya mradi wa Atlasi ya DNA ya Ayalandi. Waliwapima watu 194 ambao wazazi wao wote wanane wa kizazi cha tatu kwenda juu walizaliwa katika eneo lisilozidi kilomita 50 hivi. Walitambua makundi kumi: saba ya asili ya Kigaeli, ambayo kwa kiasi kikubwa yanafuata mipaka ya majimbo ya kale, na matatu ya kaskazini yenye mchanganyiko wa Kiayalandi na Kiingereza au Kiskoti, uliohusishwa na walowezi wa Ulster wa karne ya 17. Lakini tuzingatie jinsi watu hao walivyochaguliwa. Kila mmoja alikuwa tayari na nasaba iliyothibitishwa kwa nyaraka. Neno lilitangulia, damu ikafuata.

Neno lisipotangulia, hadithi hugeuka sayansi kwa urahisi. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo cha Trinity, Dublin, waliripoti kwamba takriban mwanamume mmoja kati ya watano katika kaskazini-magharibi mwa Ayalandi ana alama moja ya kromosomu Y, wakaihusisha na ukoo wa mfalme Niall wa Mateka Tisa, anayesimuliwa kuwa aliishi karne ya 4 au ya 5. Haikupita muda, wanaume huko Marekani wakajitangaza kuwa wana wa mfalme. Makadirio ya baadaye yameonyesha kuwa alama hiyo yaelekea ni kongwe kuliko zama za Niall mwenyewe. Huenda wote wana babu mmoja, lakini jina la babu huyo halikuandikwa katika kromosomu. Lilitoka katika masimulizi, likapachikwa.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Barack Obama. Hapa Kenya tumezoea kumnasibisha na Kogelo, kwa babake. Upande wa mama, mmoja wa wahenga wake, Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliondoka kijiji cha Moneygall katika kaunti ya Offaly mwaka 1850. Obama alipozuru kijiji hicho Mei 2011, kilichomfikisha huko kilikuwa daftari la kanisa. Mzazi wa kizazi cha tano kwenda juu humchangia mtu, kwa wastani, sehemu moja tu kati ya 32 ya vinasaba, yaani asilimia 3 hivi. Kipimo kingeweza kuonyesha chembe ya Ayalandi. Kisingeitaja Moneygall, wala viatu. Vivyo hivyo, Dola ya Ayalandi humpa uraia mtu aliyezaliwa ng'ambo iwapo babu au bibi yake alizaliwa kisiwani humo, lakini humtaka alete vyeti. Haimwulizi ana asilimia ngapi.

Nguvu ya kweli ya kipimo

Tukiweka asilimia kando, tunakutana na kazi nyingine ya kipimo, ambayo ni kulinganisha mtu na mtu. Watu wawili wakishiriki vipande virefu vya vinasaba, hapana shaka wana mzazi wa pamoja, na urefu wa vipande hukisia umbali wa udugu. Watoto wa ndugu hushiriki wastani wa asilimia 12.5. Kadiri mzee wa pamoja anavyosogea nyuma, ndivyo vipande vinavyopungua. Mzee huyo akiwa vizazi vitano juu, takriban nusu ya jozi za wazao wake hawashiriki hata kipande kimoja kinachoonekana. Sasa tupige hesabu. Mtu aliyezaliwa miaka ya 1970 aghalabu huwa vizazi vitano mbali na kijana aliyepanda meli mwaka 1847. Macho ya kipimo huanza kufifia palepale karatasi zilipokatika. Kwa hiyo matumaini ya kuuruka moto wa 1922 kwa mate pekee hayana msingi imara. Mwenye kufaulu ni yule anayekusanya majibu ya jamaa wengi, kisha akayapambanua kwa madaftari ya parokia na ya kodi ya ardhi.

Hata hivyo, katika vizazi vya karibu kipimo ni kisu kikali, na Ayalandi ina kidonda kinachokihitaji. Katika karne ya 20 maelfu ya wanawake waliopata mimba nje ya ndoa walipelekwa katika nyumba za akina mama na watoto, nyingi zikiendeshwa na watawa. Tume iliyochunguza taasisi 18 za namna hiyo iliripoti Januari 2021 kwamba watoto wapatao 9,000 walifia humo. Wengine waliasiliwa, wakiwemo zaidi ya 2,000 waliopelekwa Marekani. Fauka ya hayo, mwaka 2018 ilitangazwa kuwa katika faili za shirika moja la kuasili watoto, St Patrick's Guild, walipatikana watu 126 walioandikishwa kati ya 1946 na 1969 kana kwamba walizaliwa na wazazi waliowalea. Mtu wa namna hiyo ana cheti halali kwa sura na cha uongo kwa maana. Hakuna daftari litakalomwokoa, kwa kuwa daftari ndilo lililomdanganya. Hapa damu ndiyo shahidi wa pekee asiyeweza kuhongwa, na mate katika kichupa huwa si mchezo wa watalii bali rufaa ya mnyonge.

Tazama pia mji wa Tuam, kaunti ya Galway, ambako nyumba ya watawa wa Bon Secours iliendeshwa kuanzia 1925 hadi 1961. Mwanahistoria wa mji huo, Catherine Corless, alikusanya kumbukumbu za vifo na kupata majina ya watoto 796 ambao makaburi yao hayakujulikana. Habari hiyo ilipoenea mwaka 2014 wapo waliomkebehi. Mwaka 2017 tume ikathibitisha kuwepo kwa mabaki ya binadamu chini ya ardhi ya mahali hapo. Uchimbaji ulianza Julai 2025, na jamaa walio hai wameombwa kutoa sampuli za vinasaba ili mabaki yatakayowezekana yatambuliwe. Katika kisa hiki damu na neno vinahitajiana kikamilifu. Pasipo orodha ya Corless hakungekuwa na mtu wa kutafutwa. Pasipo vinasaba hakungekuwa na njia ya kuunganisha mfupa na jina.

Pingamizi

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Vinasaba si mali ya mtu mmoja. Anayetema mate huwafichua kaka, shangazi na binamu ambao hawakuulizwa. Mwaka 2018 polisi wa California walimtambua muuaji wa miaka mingi kupitia vinasaba vya jamaa zake wa mbali vilivyokuwa katika hifadhi ya umma. Mwaka 2023 kampuni ya 23andMe ilidukuliwa na taarifa za watu wapatao milioni 6.9 zikafikiwa, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika. Waliouza siri za damu yao kwa udadisi wa siku moja walibaki wakijiuliza nani angezirithi. Isitoshe, yupo bibi kizee aliyemzaa mtoto akiwa na miaka 17, akalazimishwa kumwacha, akaolewa na kunyamaza miaka hamsini. Je, mtoto ana haki ya kubisha hodi?

Naichukulia hoja hii kwa uzito, na bado naegemea upande wa mtoto. Siri ya mama haikuwa ya mama. Ilikuwa ya jamii iliyomlazimisha aibu kisha ikaiita faragha. Bunge la Ayalandi lilielekea huko lilipopitisha Sheria ya Habari za Kuzaliwa na Utafutaji wa mwaka 2022, inayompa mtu aliyeasiliwa haki ya kupata cheti chake cha kuzaliwa na kumbukumbu zake. Mzazi asipotaka kuonana naye, matakwa hayo huelezwa, lakini jina halifichwi. Hiyo ndiyo njia ya heshima. Serikali inapofunga makabati, haizuii ukweli. Inamtuma tu mwananchi akaununue kwa kampuni ya kigeni, na ukweli humwangukia bibi kizee bila maandalizi, kwa ujumbe wa mgeni kwenye simu.

Neno linaloipa damu kinywa

Kuanzia 1937 hadi 1939 wanafunzi wa shule za msingi zipatazo 5,000 nchini Ayalandi walitumwa kwa wazee wa vijiji vyao kuandika hadithi, majina ya mahali, kumbukumbu za njaa na habari za koo. Kazi hiyo, iliyosimamiwa na Tume ya Fasihi Simulizi ya nchi hiyo, ilizaa kurasa takriban 740,000, ambazo leo zinasomeka na yeyote. Mmarekani aliyepata binamu kupitia kipimo anaweza kufungua kurasa hizo na kuona mtoto wa kijiji kilekile akieleza nani alikufa wapi na nani alivuka bahari. Kipimo kilimpa jirani. Madaftari ya watoto yakampa kijiji. Sijui ithibati bora kuliko hiyo ya umuhimu wa taaluma yetu ya fasihi simulizi.

Nasi tumeonja jambo hili. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800 katika maeneo kama Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa na Songo Mnara. Ulionyesha kuwa wengi wao walitokana na mchanganyiko ulioanza mnamo mwaka 1000: akina mama takriban wote Waafrika, akina baba wengi wa asili ya Asia, hasa Uajemi. Masimulizi ya Washirazi, ambayo baadhi ya wanazuoni waliyatupa kama majivuno ya watawala, yakapata ushahidi. Lakini damu iliwaleta pia akina mama ambao masimulizi hayo hayakuwataja sana. Neno liliuliza, damu ikajibu na kusahihisha. Ushirika huo ndio ninaoutetea.

Hitimisho

Kwa jumla, kipimo cha DNA kinaweza kumwambia Mwayalandi wa ng'ambo nani ni jamaa yake. Hakiwezi kumwambia yeye ni nani. Anayetaka kutafuta kwao na aanze na wazee wangali hai, aendelee na madaftari, kisha ndipo ateme mate, akijua anatafuta nini na anawahusisha kina nani. Kampuni ziache kuuza asilimia kana kwamba ni utambulisho. Serikali nazo zifungue makabati, kwa kuwa mtu kulipia ukweli wa kuzaliwa kwake ni dhuluma juu ya dhuluma.

Kwetu sisi wa fasihi, funzo ni jepesi kulitamka na zito kulitenda. Waayalandi walipoteza karatasi kwa moto wa siku moja. Wengi wetu karatasi hizo hatukuwahi kuwa nazo. Tulicho nacho ni wazee, na vinasaba vyao vitabaki katika miili yetu hata tusipoinua kalamu. Majina yao na visa vyao havitabaki.